Fungua Hiyo Taa!

Umeitazama mara ngapi?

Kila asubuhi unapita mbele ya gari lako, unaiona ile krome iliyochujuka ndani ya taa, unajisemea moyoni: hii ningeipaka nyeusi, gari lote lingebadilika sura. Halafu unaingia, unawasha, unaondoka. Mwaka wa kwanza ulipita hivyo. Wa pili ukapita hivyo. Huu sasa ni wa ngapi?

Wewe unangoja nini?

Hela ya fundi? Mikono unayo. Vifaa? Mchagua jembe si mkulima! Bolti nyingi zinazoshika taa za Toyota zinafunguliwa kwa spana namba 10, na spana hiyo unayo. Imelala kwenye buti, chini ya jeki, tangu siku uliponunua gari. Ongeza bisibisi bapa, glavu, msasa na kopo la rangi ya kupuliza. Basi.

Unasema unaogopa. Haya, hapo sasa tuongee.

Unaogopa kwa sababu umeikuta taa imefungwa, ukaamini haifunguki. Kuna watu waliokuwa na haki ya kusema hivyo. Marekani, kuanzia magari ya mwaka 1940, kioo cha taa, kiakisi na waya unaowaka viliunganishwa vikawa kitu kimoja. Ikiungua, unaing'oa yote na kutupa. Sheria ilishikilia mtindo huo hadi 1983, na gari la kwanza la huko lililotoka na taa ya kubadilishwa globu, Lincoln Mark VII, lilikuwa la modeli ya 1984. Miaka zaidi ya arobaini! Mwenye gari wa zama zile aliposema taa haifunguliki, alikuwa anasema kweli.

Wewe je? Yako imeshikwa na nini?

Gundi.

Gundi nyeusi inayonata kama ulimbo, biutili, iliyozungushwa kwenye mfereji kati ya kioo na ganda. Hiyo ndiyo iliyokuweka chini miaka yote. Na gundi hiyo haina ubavu mbele ya joto.

Toa kwanza waya hasi wa betri, fungua bampa, ichomoe taa. Ondoa globu, nyaya, mifuniko ya mpira, kila klipu na kila skrubu. Nimesema kila skrubu. Moja utakayoisahau itapasua ukingo wa ganda. Pasha oveni ifike karibu nyuzi 100 za Selsiasi, na upime kwa kipimajoto kwa sababu oveni nyingi za nyumbani haziko sawa na namba zake. Laza taa juu ya ubao uliolowa maji, isiguse chuma popote. Dakika nane hadi kumi. Itoe kwa glavu, penyeza bisibisi pembeni, vuta taratibu, utaiona gundi ikivutika kama mlenda. Ikigoma, usishindane nayo kwa nguvu. Irudishe kwenye joto.

Kioo hicho ni polikaboneti, nacho huanza kulegea karibu nyuzi 147. Kati ya joto lako na hatari kuna nyuzi zaidi ya arobaini. Na bado unatetemeka?

Ukweli mwingine huu: ziko taa, hasa za magari mapya, zilizofungwa kwa gundi ngumu isiyolegea kwa joto. Hizo ni za kukata, anayeanza aziache. Bonyeza gundi kwa ukucha pale inapochungulia. Ikibonyea, taa hiyo ni ya kwako.

Na nani kakwambia uanze na taa ya gari lako? Kama uko Dar es Salaam, nenda Gerezani, ulizia taa iliyovunjika masikio, ile ambayo hakuna mtu anaitaka. Ifungue hiyo. Ichubue, ipake, ifunge, ifungue tena. Mikono itajifunza kitu ambacho macho yako hayakukipata kwa kutazama video mia.

Ya kwanza niliyofungua mimi niliiharibu. Nilipaka rangi jioni, nikaifunga usiku uleule kwa sababu nilitaka niamke niione ikiwa tayari. Rangi mbichi ikatoa mvuke humo ndani, kioo kikashika ukungu mweupe. Niliumia. Kisha nikaifungua upya, na safari hii ilinichukua nusu ya muda wa mara ya kwanza, maana nilishajua inapoachia.

Kwa hiyo nisikilize: uvivu wa kuanza na pupa ya kumaliza vyote vitakuangusha. Amka leo, lakini rangi ipe siku nzima ikauke, au mbili. Krome haishiki rangi ikiwa laini. Isugue kwa msasa namba 400, malizia na 800, puliza praima ya plastiki, kisha rangi tabaka tatu nyembamba. Nyembamba! Anayetaka imalizike kwa mpulizo mmoja ataiona rangi ikichuruzika kama machozi.

Na hapa sitaki mchezo. Paka urembo wa pembeni tu. Kiakisi usikiguse, usikipake, hata kitambaa usikipitishe. Kinang'aa kwa tabaka jembamba sana la alumini na likikwaruzwa halirudi. Kioo cha nje nacho kiache cheupe, na usikifute kwa petroli wala thina, kitajaa nyufa. Taa nzuri isiyoonyesha njia ni ya nini? Uko barabara ya Chalinze usiku, mtoto anavuka. Unataka kumwona mita ngapi kabla?

Ukimaliza, pasha tena, kandamiza kioo kikae ndani ya mfereji pande zote, bana kwa vibanio, rudisha skrubu, acha ipoe. Vile vitundu vidogo vya nyuma usivizibe, taa hupumua kwavyo. Mwagia maji ya bomba. Ndani kukiwa kukavu, umeshinda.

Umeshinda wewe! Wewe uliyekuwa unasema hujui kushika hata bisibisi. Ni nani aliyekuambia hivyo kwanza? Na kwa nini ulimwamini miaka yote hii?

Usiniambie mwezi ujao. Mwezi ujao ulikuwepo mwaka jana pia.

Kesho Gerezani, na wiki ijayo gari lako. Ijumaa usiku liegeshe mita tano kutoka ukutani, washa taa, bandika tepu pale mwanga unapokatia, ili utakapozirudisha uzirekebishe zipige palepale. Jumamosi, saa moja asubuhi, fungua boneti.

Spana iko chini ya jeki.