Kata na Siri ya Mtungi

Wahenga wamesema siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa kawaida methali hii hutajwa katika mambo ya nyumba na ndoa, lakini hakuna mahala inapokaa vyema kuliko wodini. Tabibu na muuguzi ndio kata: huzama hadi chini, wakatoka wakiwa wamejua. Kiapo kinachonasibishwa na Hippocrates, Myunani wa kale, kilimtaka tabibu ayanyamazie aliyoyaona na kuyasikia katika kutibu. Lakini kiapo kile kilimdhania tabibu mmoja na mgonjwa mmoja. Leo mtungi mmoja una kata ishirini, na kila kata ina simu mfukoni.

Insafu kwanza. Daktari kijana wa zamu ya usiku hutazama picha ya eksirei asiyoifahamu, na bingwa yuko nyumbani. Picha ikipelekwa kwa WhatsApp, jibu huja kabla chai haijapoa, na pengine roho imeokolewa. Ndiyo maana mwaka 2018 mamlaka ya afya ya Uingereza ilitoa mwongozo ulioruhusu programu za namna hii, kwa masharti. Anayelaani simu moja kwa moja hajawahi kukesha na mgonjwa.

Hata hivyo, tuutazame mkasa wa Lanarkshire, huko Scotland. Kati ya Aprili 2020 na Aprili 2022, wafanyakazi 26 wa afya walikuwa na kundi lao la WhatsApp, ambalo wakubwa wao hawakuliidhinisha kwa habari za wagonjwa. Zaidi ya mara 500 yaliandikwa humo majina, nambari za simu na anwani. Zikawekwa na picha na video. Siku moja akaingizwa kwa makosa mtu asiyekuwa mfanyakazi. Mwaka 2023 msimamizi wa haki za habari wa Uingereza akaikaripia taasisi ile.

Msomaji atauliza: kama si yule mgeni, nani angedhurika? Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp husafiri umefungwa kwa fumbo mwanzo hadi mwisho. Ni kweli, ila fumbo hulinda njia, halilindi kituo. Picha ya kidonda hulala katika simu ileile yenye picha za harusi, simu ambayo mtoto huichezea na ambayo kesho itauzwa.

Nami naona hata pasingekuwa na jicho geni, swali lingebaki. Ukifungua barua ya mwenzio, ukaisoma, ukaigandisha tena asijue, umemkosea, ijapokuwa hakulia. Lugha yetu ina neno stara, nalo ni pana kuliko siri. Siri huvunjika inapovuja. Stara huvunjika pale tu mtu anapofunuliwa pasipo haja. Mgonjwa alikubali avuliwe nguo kwa ajili ya tiba, na ruhusa ile hukoma inapokoma tiba. Bingwa mmoja anayeulizwa yumo ndani ya ruhusa. Wale wengine waliobaki, ambao mguu ule hauwahusu, wameingiaje?

Simlaumu muuguzi peke yake. Hospitali isiyompa chombo chake, kisha ikamtaka awe mwepesi, imemsukuma yenyewe kwenye simu yake binafsi. Lakini jina kamili na anwani, ambapo picha ya kidonda ingetosha, hayo hakusukumwa na mtu.

Mgonjwa mwenye fahamu huulizwa: “Bibi, nataka nimpelekee bingwa picha ya mguu wako, waridhia?” Haichukui hata nusu dakika. Uzito uko kwa yule asiye na fahamu, ambaye hawezi kukubali wala kukataa, na kuchelewa kwaweza kumuua. Huyo apelekewe bingwa picha yake, lakini uso usionekane. Jibu liandikwe katika faili, litakalosomwa na daktari wa zamu ya asubuhi, na picha ifutwe katika simu zote mbili kabla zamu haijabadilishana.