Je, Hatari ya Dereva ni Yake Peke Yake?

Wako watu wasemao, "Motokaa ni yangu, na roho ni yangu, nikijihatarisha, yawahusuni nini?" Na tulipime neno hili katika nchi ya Norwei, juu ya uwanda wa Hardangervidda, palipoinuka zaidi ya meta 1,000.

Huko siku za baridi, upepo upeperushapo theluji, mara nyingi motokaa haziruhusiwi kupita moja moja. Hungoja penye kizuizi, kisha hufuatana nyuma ya gari lisukumalo theluji. Kiongozi wa msafara aweza kumkatalia asiye na nguo za joto, au mwenye motokaa isiyofaa. Je, amemwonea? La, hasha. Maana mmoja akikwama kwa mipira iliyolika, wote walio nyuma yake husimama katika tufani. Na theluji ikiziba bomba la moshi, hewa ya sumu yaweza kuingia ndani na kuua.

Hata aendaye bila msafara hayuko peke yake: akipotea, wako watakaotoka usiku kumtafuta, nao wana watoto nyumbani.

Basi mipira ya majira ya baridi, petroli ya kutosha, sepetu, kamba na mablanketi si dalili ya woga. Ni deni letu kwa wenzetu. Tena lipo andalio lisilopakiwa garini, nalo ni moyo ulio tayari kughairi safari. Mithali yasema, Tahadhari kabla ya hatari; nasi twauliza, Hatari ya nani?