Mapokeo ya Kale na Utii wa Leo

Baba mmoja wa familia ametuletea barua, naye ametuomba tusitaje jina lake wala parokia yake. Mwanawe wa pili alikaa Ufaransa miaka mitano kwa masomo na kazi, akarudi nyumbani mwaka jana. Alirudi akiwa mtu wa sala kuliko alivyoondoka, na kwa hilo wazazi wake walimshukuru Mungu. Lakini Jumapili ya kwanza, nyumba nzima ilipokuwa ikijitayarisha kwenda kanisani, kijana alibaki chumbani na misale yake ya Kilatini. Alipoulizwa alijibu kwa adabu kwamba Misa inayosomwa parokiani, pamoja na Kiswahili chake na ngoma zake na padre anayewatazama watu, kwake yeye si Misa ya Kanisa la siku zote, na kwamba ni heri asali peke yake. Mama yake alilia. Misa hiyo ndiyo aliyofungia ndoa, na ndiyo iliyosomwa juu ya jeneza la mtoto wao wa kwanza. Baba anatuuliza: nimkemee, au nimwache kwa kuwa walau anasali?

Swali hili si la nyumba moja tu. Katika Ulaya na Marekani limewagawa Wakatoliki kwa zaidi ya miaka hamsini, na vijana wetu waendao ng'ambo hukutana nalo huko. Wengine wamekutana nalo papa hapa Afrika ya Mashariki, maana Udugu wa Kipadre wa Mtakatifu Pio wa Kumi, ulioanzishwa na Askofu Mkuu Marcel Lefebvre mwaka 1970, una nyumba yake hata Nairobi. Yatupasa basi kulitazama kwa makini, wala tusilimalize kwa kumcheka kijana.

Tuanze kwa kumtendea haki. Wapendao Misa ya kale husema kwamba jinsi watu wasalivyo ndivyo wanavyokuja kuamini. Ukipunguza kupiga magoti, baada ya muda utapunguza pia imani katika Yule anayepigiwa magoti. Ukiondoa kimya, watu watasahau kwamba mbele ya Mungu kuna mambo yasiyosemeka. Husema pia kwamba sala nyingi zilizotaja wazi sadaka na dhambi zilifupishwa au kuondolewa, na kwamba mabadiliko yalivuka yale ambayo Mtaguso wenyewe uliagiza. Hayo si maneno ya wajinga. Hati ya Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano juu ya Liturujia, iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963 baada ya kupata kura 2,147 dhidi ya 4, iliagiza kwamba matumizi ya Kilatini yahifadhiwe, ingawa iliruhusu lugha za watu zipewe nafasi kubwa zaidi. Iliupa wimbo wa Kigregoriani nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kirumi. Haikuagiza popote kwamba padre aiache ile desturi ya kuielekea altare pamoja na watu wake. Anayedhani kwamba kila badiliko aliloliona parokiani liliandikwa na Mababa wa Mtaguso hajaisoma hati yao.

Tena huzuni ya watu wengi ilikuwa huzuni ya kweli. Papa Paulo VI mwenyewe, siku chache kabla ya Misale mpya kuanza kutumika Jumapili ya kwanza ya Majilio ya mwaka 1969, alikiri mbele ya watu kwamba kuacha Kilatini ni hasara kubwa. Lakini alisema yafaa kuikubali hasara hiyo ili watu wa leo wasali kwa lugha wanayoielewa. Aliyetoa amri alijua uzito wa amri yake. Wako waliotekeleza amri hiyo bila huruma hata kidogo. Zilivunjwa altare ambazo wazee walichangia kuzijenga, na bibi kizee aliyesali rozari wakati wa Misa aliambiwa kwamba hajui kusali. Hapa kwetu pia yalitokea, wala haifai kuyaficha.

Yuko wapi basi mwenye kosa? Tuangalie kwa mfano njia mbili zilizofuatwa na watu waliokuwa na uchungu uleule. Mwaka 1969 Makardinali Ottaviani na Bacci walimpelekea Papa barua iliyosema kwamba Misa mpya imeyaacha mno mafundisho ya Mtaguso wa Trento. Ilikuwa barua kali. Misale mpya ilibaki, lakini maelezo yake ya utangulizi yalisahihishwa mwaka 1970, ili mafundisho juu ya sadaka ya Misa na juu ya ukuhani yaelezwe wazi zaidi. Uchungu ulisemwa kwa mwenye mamlaka, ukasikiwa kwa sehemu, na waliousema wakabaki nyumbani mwa Baba yao.

Njia ya pili ni ile ya Askofu Mkuu Lefebvre, nayo inatugusa Waafrika kuliko wengi wanavyojua. Mtu huyu hakuwa mgeni wa bara letu. Alikuwa padre wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika lilelile lililofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868. Alifanya kazi Gabon, akawa Askofu wa Dakar, akawa mjumbe wa Papa katika nchi za Afrika zilizotumia Kifaransa, na tangu 1962 hadi 1968 alikuwa mkuu wa shirika lake lote. Hati ile ya Liturujia ya 1963 aliikubali pamoja na wenzake. Baadaye alikataa Misale ya 1969 na mafundisho kadha wa kadha ya Mtaguso. Mwaka 1976 alisimamishwa kazi ya daraja lake, na tarehe 30 Juni 1988, ingawa Papa Yohane Paulo II alikuwa amemkataza, aliwaweka wakfu maaskofu wanne. Roma ikatangaza kwamba yeye na maaskofu hao wamejitenga na ushirika wa Kanisa. Papa Benedikto XVI aliwaondolea adhabu hiyo wale wanne mwaka 2009, na Papa Fransisko aliwaruhusu mapadre wa Udugu huo kuungamisha kwa halali. Lakini jeraha lenyewe halikupona kwa hayo. Twaona vema kutaja pia wale mapadre walioachana na Lefebvre mwaka huohuo wa 1988, wakaanzisha Udugu wa Kipadre wa Mtakatifu Petro, ili waendelee na Misa ya kale chini ya Papa. Kuwahesabu hao pamoja na waasi ni dhuluma.

Watetezi wakali hujibu kwamba Misa ya kale haiwezi kuguswa na mtu yeyote, kwa sababu Papa Pio V aliithibitisha kwa nyakati zote mwaka 1570. Lakini misale yao yenyewe yasemaje? Kitabu wanachokishika ni kile cha mwaka 1962. Kabla yake Papa Klementi VIII alisahihisha misale mwaka 1604, na Papa Urbano VIII akaisahihisha tena mwaka 1634. Papa Pio XII aligeuza sana ibada za Juma Kuu mwaka 1955. Papa Yohane XXIII aliingiza jina la Mtakatifu Yosefu katika Kanuni ya Misa, mahali ambapo watu walidhani hapaguswi kabisa. Kama Papa wa 1570 alikuwa na uwezo, na wa 1604, na wa 1955, kwa nini uwezo huo ukome mwaka 1969?

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha jambo. Neno lenyewe, mapokeo, latoka katika kupokea. Mtu hajipatii mapokeo sokoni. Huyapokea kutoka mkononi mwa mtu aliye hai, aliyeyapokea naye kwa mwingine. Mwana hapokei shamba la ukoo huku akimkana baba anayempa. Na mtu anayekwenda katika historia ya Kanisa, akachagua karne iliyompendeza, akasema hii ndiyo imani yangu na nyingine zote nazikataa, huyo hajapokea kitu, amechagua tu. Amefanya lilelile analowalaumu watu wa leo, ambao kila mmoja hujishonea dini kwa kipimo chake. Kijana wetu anadhani ameikimbia dunia ya kisasa. Twaogopa kwamba ameibeba ndani ya misale yake.

Wala tusisahau kwamba mwenye kutoa naye ana wajibu. Mapokeo si mali ya Papa wala ya askofu, hata ayatumie kama shati la kubadilisha. Mamlaka hayo ni ya mtunzaji. Kwa hiyo mwamini ana haki ya kuhuzunika, ya kuuliza, ya kumwandikia askofu wake, ya kuomba Misa ya Kilatini pale sheria inaporuhusu. Sheria hiyo imepanuka na kubanwa kwa zamu: Papa Benedikto XVI aliipanua mwaka 2007, na Papa Fransisko aliibana mwaka 2021, akisema kwamba ruhusa ilikuwa imetumiwa kuongeza mafarakano. Watu wengi wasiokuwa na mafarakano yoyote waliumia kwa uamuzi huo. Twaamini kwamba maumivu yao, yakibebwa katika utii, hayapotei. Utii usiogharimu kitu haujajaribiwa bado.

Kijana alitaja ngoma na Kiswahili, kana kwamba vimeingia kanisani kwa mlango wa nyuma. Na ajue kwamba Wakristo wa Roma walisali kwanza kwa Kigiriki. Walipoanza kusali kwa Kilatini walikuwa wakiingia katika lugha ya watu wao, na wakati Roma ingali ikisali kwa Kigiriki, Tertuliano na Mtakatifu Sipriani walikuwa wakiandika mambo ya imani kwa Kilatini huko Karthago, katika Afrika. Katika karne ya tisa Papa Adriani II aliwakubalia Watakatifu Sirili na Methodi liturujia kwa lugha ya Kislavi. Mwaka 1615 Papa Paulo V alitoa ruhusa ya kutumia Kichina, ingawa ruhusa hiyo haikupata kutumika. Wakati wa Mtaguso, Kardinali Laurean Rugambwa, aliyekuwa Askofu wa Bukoba, alikuwa kiongozi wa umoja wa maaskofu wa Afrika waliokusanyika Roma, nao walitaka watu wao wamsikie Mungu kwa lugha za nyumbani. Hawa hawakuwa watu wa kupenda mageuzi kwa sababu ya mageuzi. Walikuwa wachungaji, wenye waamini waliojibu Misa kwa moyo bila kujua walichojibu.

Lakini na sisi tujitazame. Kijana huyu alikwenda Ufaransa na huko, wakati wa Pentekoste, alitembea pamoja na maelfu ya vijana kutoka Paris hadi Chartres, karibu kilomita 100 kwa siku tatu, wakisali na kuimba. Akarudi kwetu, akakuta nini? Matangazo yanayozidi mahubiri kwa urefu. Michango minne katika Misa moja. Kwaya yenye sare mpya inayoimba peke yake huku watu wamekaa wakiwatazama, na mwisho wakipigiwa makofi. Kipaza sauti kinacholia hata wakati wa kushukuru baada ya Komunyo. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoagizwa na Mtaguso. Tukimlaumu kwa kutafuta kimya, na tuwe kwanza tumejaribu kukaa kimya dakika tano.

Sasa tumjibu baba. Usimkemee kwa kuipenda Misa ya kale. Pendo hilo ni jema. Mkatalie jambo moja tu, tena bila kupepesa: kusema kwamba Misa ya mama yake si Misa. Hata Lefebvre hakufundisha kwamba Misa mpya ni batili yenyewe. Mweleze pia kwamba amri ya Jumapili haitimizwi chumbani, hata kwa kitabu kizuri namna gani. Kisha mwombe aende kwa padre wa parokia na kumwambia yanayomchoma, naye padre na asikilize mpaka mwisho.

Tena katika barua yako umetaja kwa sentensi moja tu, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba baba yako mzazi yu hai bado, ana miaka 84, na alikuwa katekista. Mzee huyo alitumikia altareni tangu utoto. Majibu yote ya Kilatini anayajua mpaka leo. Katika nyumba yako yeye peke yake ndiye aliyeiishi Misa ambayo mwanao ameisoma, naye ndiye aliyeambiwa na askofu wake aiache, akaiacha, akajifunza mpya, akawafundisha wengine. Umeandika kwamba huenda kanisani kila asubuhi. Je, mjukuu amewahi kumwuliza ilikuwaje siku ile? Twadhani mzee anayo mengi ya kusema, na mengine si ya furaha. Umetuambia pia kwamba macho yake sasa hayaoni vizuri, na njia ya kwenda kanisani ina mawe. Jumapili ijayo mwambie kijana amshike babu yake mkono.