Makaa ya Kismayu na Dhamana ya Mnunuzi

Mtu amenunua kitu sokoni kwa fedha yake ya halali. Hakuiba wala hakupora. Je, ana dhamana yoyote kwa namna kitu kile kilivyopatikana? Wengi wetu hujibu upesi kuwa hana. Sisi twaona jibu hilo lina walakini, na mfano wake hauko mbali nasi: ni wa jirani zetu wa Kismayu.

Katika bara ya kusini ya Somalia mti ulio tegemeo la nchi ni mgunga. Hukua polepole. Mizizi yake huushika udongo, kivuli chake huhifadhi majani ya malisho, na maganda yake yenye mbegu huliwa na mbuzi wakati wa kiangazi. Ukikatwa, maji ya mvua hayazami, bali hukimbia pamoja na udongo, na uliosalia huchukuliwa na upepo. Hivyo ndivyo malisho yageukavyo jangwa. Halikuja kutoka mbali jangwa hilo. Limepikwa papo hapo tanuruni, kwani gunia moja la makaa limekwisha kula kuni zenye uzito wa mara kadhaa kuliko lenyewe.

Na makaa hayo hayakuwa ya jiko la Msomali peke yake. Yalipakiwa majahazini kwenda nchi za Ghuba, kwa watu wasiopungukiwa na petroli wala gesi, wakayatumia kuchomea nyama na kuvutia shisha. Mti wa miaka mingi ukawa starehe ya jioni moja!

Sheria hazikukosekana. Serikali ya Somalia ilikataza kupeleka makaa nje tangu 1969. Mwaka 1994 mataifa yalipitisha Mkataba wa kupambana na kuenea kwa jangwa. Kisha, tarehe 22 Februari 2012, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliyaamuru mataifa yote yasipokee makaa ya Somalia, kwani ushuru wake ulikuwa ukiwaingizia fedha Al-Shabaab; na mwaka 2014 likaruhusu vyombo vinavyoshukiwa vikaguliwe baharini. Hata hivyo biashara haikukatika. Wachunguzi wa Umoja huo walieleza jinsi shehena zilivyopita kwa hati za uongo, zikidai kuwa makaa yatoka nchi nyingine. Na hati ya uongo haitoshi kuandikwa. Yahitaji pia mtu wa kuipokea huku akijua.

Hapa ndipo penye swali letu. Wanavyuoni wamekwisha bainisha kuwa anunuaye mali naye ajua imeporwa, hana hoja ya kusema, "Nimelipa." Huenda mtu akatupinga: mgunga wa porini ni wa nani hata usemwe kuwa umeporwa? Twamjibu kuwa ni wa wafugaji ambao wanyama wao waliishi kwa kivuli chake, na wa watoto wao ambao hawakuwako sokoni kupatana bei.

Ama mchoma makaa, hatupendi kumtwika mzigo wote. Mwaka 2011, ukame ulipowamaliza ng'ombe na mbuzi na njaa ikatangazwa Somalia, wako waliobakiwa na shoka na watoto tu. Kumhubiria mtu kama huyo habari za vizazi vijavyo, nasi tumeshiba, ni jambo la kuonea haya. Ushirikiano wa mataifa hudhaniwa kuwa ni kupeleka fedha na miche. Miche ni kheri, lakini mti uliokwisha simama wapita miche mingi kwa thamani, na awezaye kuuokoa bila ya kulala njaa ni mnunuzi.

Wala sisi wa pwani hii tusijitoe. Magunia ya makaa huletwa mijini mwetu kila siku. Twauliza bei, twauliza kama yana vumbi jingi. Ni nani kati yetu aliyewahi kumwuliza mwuzaji yametoka msitu gani?