Ajali Haina Kinga

Nifundishapo watoto wa Temeke habari za mwendo, naanza kwa vitu vitatu: bilauri, kipande cha kadibodi, na sarafu ya shilingi 200. Naweka kadibodi juu ya bilauri, na sarafu juu yake, kisha naipiga kadibodi kwa kidole. Kadibodi yaruka, lakini sarafu haiifuati. Yatumbukia ndani ya bilauri.

Watoto hudhani ni mazingaombwe. Nawaambia ni kanuni: kilichotulia hukaa kimetulia, na kiendacho huendelea vile vile, hata nguvu nyingine ikibadili. Isaac Newton wa Uingereza aliiandika katika kitabu chake cha mwaka 1687. Lakini kila apandaye daladala ya Mbagala aijua mwilini mwake. Dereva akifunga breki ghafula, gari husimama, nasi tuliosimama twazidi kwenda mbele mpaka mkono ushike bomba.

Siku moja mtoto aliuliza, "Mwalimu, na abiria wa bodaboda, yeye ana bomba gani?" Darasa likanyamaza, kwani juma lile walikuwa wamemzika jirani. Msibani wazee walisema, "Ajali haina kinga."

Neno hili yatupasa kulipima. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni muda wa mtu uliowekwa. Hiyo kweli haina kinga, kwani sote tutakufa. Lakini leo twaliita kwa jina lilo hilo pigo la chombo barabarani. Basi methali ya kifo twaitumia kuufunika uzembe.

Tufanye hesabu. Sheria yaruhusu kilometa 50 kwa saa penye makazi ya watu. Chombo cha mwendo huo hupita karibu meta 14 kila sekunde. Dereva amwonapo mtoto akivuka, yapata sekunde moja hupita kabla hajashika breki. Kisha, hata lami ikiwa kavu na breki nzuri, zahitajika kama meta 14 tena. Na mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali wa breki huzidi mara nne. Hesabu hii haimpendelei mwema wala mwovu.

Wengine watasema nataka kumwondoa Mungu barabarani. Sivyo. Kanuni hizi ni zake, na kwa kuwa hazigeuki, mkulima hupanda na fundi hujenga. Lakini tupandapo watatu juu ya pikipiki moja, bila kofia ngumu, tukisema Mungu atatulinda, twafanya lile aliloshawishiwa Bwana Yesu juu ya kinara cha hekalu: ajitupe chini, malaika wampokee. Naye alikataa kumjaribu Mungu.

Wala tusimtupie dereva lawama yote. Yuko mwenye chombo adaiye hesabu yake kila jioni. Yuko na abiria asemaye, "Kimbiza, nimechelewa." Mimi mwalimu nimelisema neno hilo mara nyingi, nami nazijua hizo meta 14. Huenda yule jirani hakukosa lolote, bali alilipa deni la haraka ya mtu mwingine.

Basi nilimjibu mtoto, "Hana bomba. Bomba lake ni mwendo wa dereva, na kofia kichwani, na ulimi wa abiria usiohimiza." Tangu siku ile, nichelewapo, nanyamaza.