Moto Hupanda, Maji Hushuka

Kwetu sisi tukaao ubavuni mwa milima ya Upare, upande wa Same unaotazama nyika ya Makanya, ujirani haupimwi kwa ua wala kwa ukuta, bali kwa juu na chini. Aliye chini yangu, moto wake ukimponyoka, utanifikia mimi kabla haujamfikia mtu mwingine. Nami niliye juu yake, nikiziba mfereji au nikikata miti ya chanzo, kiu itamshika yeye kabla haijanigusa mimi. Moto hupanda, maji hushuka, na baina ya safari hizo mbili Mwenyezi Mungu ametuweka tuwe wadhamini wa mali na roho za watu ambao pengine hata hatupatani nao. Dhamana hiyo naiona kuwa haki ya jirani, wala si hisani ambayo mtu akipenda huitoa na asipopenda huizuia.

Ulimi wa moto ukiwa mtelemkoni huinama kuelekea majani yaliyo mbele yake, na hewa ya moto hutangulia kuyakausha, hata yanapoguswa huwa yamekwisha kuwa tayari kuwaka. Wataalamu hukadiria kwamba mtelemko ukizidi kwa nyuzi 10, kasi ya moto hukaribia kuwa maradufu. Uongeze juu ya hayo upepo wa Septemba na Oktoba, wakati ambapo masika yamekwisha sahauliwa na vuli haijabisha hodi, ndipo utakapofahamu kwa nini watu wazima wa huku hunyanyuka vitini kwa fazaa wanusapo moshi usiokuwa wa jikoni.

Jirani yangu wa chini ni bibi mmoja mjane. Kila anapotaka kuchoma mabua ili kutengeneza shamba lake kwa ajili ya vuli, hupanda jioni ya kuamkia siku hiyo, fimbo mkononi, akapita nyumba moja moja zilizo juu yake. Kwangu hufika jua likizama. Nikisha kumpa shikamoo yake, na yeye kuitika marahaba, husema maneno yale yale: “Kesho alfajiri nachoma, mwanangu. Anua nguo zako, na mbuzi usiwafunge.” Hilo la mbuzi hunigusa sana, kwa sababu katika shughuli zake zote amepata nafasi ya kumfikiria mnyama wa mtu mwingine aliye kambani, asiyeweza kukimbia.

Alfajiri hiyo, umande ungali majanini na upepo haujaamka, utamkuta amekwisha palilia ukanda kuzunguka shamba hata udongo mtupu unaonekana, ndoo za maji na matawi mabichi yamewekwa pembeni, na kiberiti anakiwasha upande wa juu, si wa chini, ili moto ulazimike kutelemka polepole kinyume cha tabia yake. Ukiisha kuzimika haendi nyumbani. Hushinda pale na jembe, akifukua kisiki baada ya kisiki na kutia mchanga, mpaka mkono wake uweze kutulia juu ya majivu.

Kukaa huko mpaka mwisho ndiko kunakotushinda wengi, na si sisi maskini peke yetu. Tarehe 19 Oktoba 1991, katika vilima vya Oakland huko California, moto mdogo wa majani ulizimwa na wazima moto wenye magari na mipira ya maji. Kesho yake upepo mkavu ukaufufua kutoka chini ya majivu, na kabla moto ule haujatulia watu 25 walikuwa wamekufa na nyumba zaidi ya 3,000 zimeteketea, wengi wao wakinaswa katika njia nyembamba zenye kona. Koki za maji za mji ule zilikuwa na kipimo chake, tofauti na cha miji ya jirani, hata baadhi ya waliokuja mbio kunusuru hawakuweza kuunga mipira yao bila vifaa vya kuunganishia. Miji hiyo ilikuwa imekaa ubavu kwa ubavu miaka mingi bila kukubaliana juu ya kipimo kimoja.

Nyumba nazo zina moto wake. Mwaka juzi, ng’ambo ya korongo letu, jiko moja liliungua adhuhuri, na chanzo kilikuwa kuni zilizopangwa juu ya mafiga ili zikauke, desturi tuliyo nayo karibu sote. Nyumba kubwa ilisalimika kwa kuwa vijana hawakupoteza maji ya madebe juu ya jiko ambalo lilikwisha potea, bali waling’oa ua wa mabua uliokuwa katikati, na wanawake wakatandaza mablanketi yaliyoloa juu ya bati. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina namba yake, 114, na kila mtoto wa kijiji aijue kwa moyo. Lakini gari lenye tangi la maji haliwezi kupanda njia ambayo punda huipanda kwa taabu, basi saa ile ya kwanza ni yetu wenyewe.

Hasara ya moto wa mlimani haiishii palipoungua. Moto uliozuka Kilimanjaro tarehe 11 Oktoba 2020 ulikula kilomita za mraba zipatazo 95, na watu waliouona ukimeta usiku walisikitikia uzuri wa mlima, jambo ambalo ni haki kulisikitikia. Bali mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeichunguza Kilimanjaro kwa miaka mingi, alieleza mwaka 2005 kwamba ile miti ya juu, ambayo matawi yake huukamata ukungu na kuudondosha ardhini ukawa maji, imekuwa ikiteketea na mpaka wa juu wa msitu ukishuka, na kwamba maji yanayopotea hivyo ni mengi kuliko yale yanayopotea kwa kuyeyuka barafu. Macho ya dunia yapo kwenye theluji, ilhali mkulima anapoteza mfereji wake kwa kiberiti.

Kila moto ukizuka huku kwetu, jina la kwanza kutajwa ni la mrina asali. Pengine ni kweli mara nyingine, kwani moshi wake hauna ukanda wala ndoo. Lakini si insafu kumtwisha mtu mmoja, ambaye aghalabu hayupo kujitetea, taksiri ya kijiji kizima kinachochoma bila kupeana habari.

Ninalolitaka mwaka huu ni mambo mawili. Ufanyike msaragambo, kazi yetu ya pamoja, wa kukata ukanda wa kuzuia moto chini kabisa ya kijiji, na wenye nyumba za juu ndio watangulie na majembe, hata kama mashamba yale si yao. Pili, ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mfereji, isifunguliwe yote mwezi wa Septemba. Theluthi ya maji ibaki humo mpaka mvua ya kwanza, iwe akiba ya kuzimia moto, ijapokuwa maharage ya wengine, na ya kwangu pia, yatanyauka. Najua wapo watakaosema kwamba maji yakilala bure ni hasara. Mkutano wa kijiji utakapokaa nitawajibu kwamba sisi wa juu tunaombwa theluthi ya ndiva kwa mwezi mmoja, na bibi yule wa chini, mwenye miguu mibovu, amekuwa akitupandia mlima kila mwaka kabla ya kuwasha kiberiti.