Kipimo cha Pwani na Kipimo cha Mlimani

Hapana neno lipendezalo masikioni mwa watu kama neno usawa. Mzazi husema, "Watoto wangu wote nawatendea sawa," na mwalimu husema vivyo hivyo juu ya wanafunzi wake. Na kila mmoja huona kwamba amekwisha timiza haki. Nia yangu hapa ni kuuliza kama kipimo kimoja, kitumiwacho kwa watu wote mahali pote, ni haki kweli, au ni uvivu wa mpimaji uliovikwa joho la haki. Jambo lililonitia katika fikira hizi si kitabu, bali ni pikipiki.

Mbweni, upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, ni mahali pa pwani. Fundi mmoja wa huko alikuwa akitengeneza pikipiki ya kabureta iliyokuwa tayari kupelekwa Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya bahari. Chombo kilikuwa kizima, kikinguruma vizuri. Lakini fundi alikifungua, akaitoa jeti, yaani kile kijipande cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli, akaweka nyingine yenye tundu jembamba zaidi. Nikamwuliza, "Fundi, waipunguzia chakula nayo inakwenda kupanda mlima?"

Akanijibu, "Mwalimu, huko juu hewa ni haba. Ukiiachia mafuta ya hapa, itapaliwa."

Maneno yake ni kweli. Injini haili mafuta peke yake. Huyachoma kwa hewa. Katika kimo cha Njombe, kila pumzi ya injini huwa na hewa kama nne ya tano tu ya ile ya pwani. Petroli ikimiminwa kwa kipimo cha pwani, hushinda hewa iliyopo: moshi huwa mweusi, plagi hupakaa masizi, na nguvu iliyokwisha pungua huzidi kupungua. Jeti nyembamba hairudishi hewa iliyokosekana. Huiwezesha injini kuitumia vema ile iliyopo.

Niliondoka pale nikiwa na haya moyoni. Mpwa wangu alikuwa amekwenda kusoma katika nyanda za juu, mbali na mama yake na bahari aliyoizoea. Alama zake ziliposhuka, nilimpelekea vitabu. Ziliposhuka tena, nilimwongezea fedha na nasaha ndefu. Kila nilichompa kilikuwa chema, na kila kimoja kilimlemea, kwa sababu alichopungukiwa ni mtu wa kukaa naye jioni akamsikiliza. Nilikuwa nikimpa nilichokuwa nacho tele, wala si alichokihitaji. Wahenga wamesema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; nami niliuona wake kuwa mwepesi hata nikauongeza.

Yamkini msomaji atasema: "Hii ni njia ya kuwadekeza watu. Tukipunguza kila mzigo kwa kila anayelalamika, ubora utabaki wapi?" Hoja hii ina uzito, na jibu lake nimelipata mbali na kwetu. Katika milima ya magharibi ya Marekani na Kanada wako watu waendeshao magari madogo ya theluji katika vimo vya mita 3,000, ambako hewa ni kama robo tatu ya ile ya pwani. Klachi ya gari hilo ina vipande vya uzito; injini izungukapo huvirusha nje, navyo huubana mkanda unaopeleka nguvu nyuma. Injini iliyopungukiwa na hewa, ikipewa vipande vya bondeni, hulemewa kabla ya kuufikia mzunguko ambao ndio kilele cha nguvu zake. Basi mafundi huweka vipande vyepesi. Hawaushushi mzunguko unaotakiwa. Huo hubaki ule ule. Huupunguza uzito ili injini iufikie. Hapa ndipo ilipo tofauti ya kudekeza na kutenda haki: adekezaye hushusha lengo, na atendaye haki hurekebisha mzigo ili lengo lifikiwe.

Hata hivyo, haki ya namna hii haimalizwi siku moja. Pikipiki ikirudi Mbweni na jeti yake ya mlimani, hewa itazidi mafuta, injini itapata joto kupita kiasi, na pistoni yaweza kuungua. Msaada uliomfaa mtu jana waweza kumwumiza leo ikiwa hali yake imebadilika nasi hatukutazama. Ziko injini za siku hizi zinazopima hewa na kujirekebisha zenyewe. Mwanadamu hakuumbwa hivyo, hutegemea macho ya mwenzake.

Tena, fundi mwema hakisii. Huifungua plagi akaisoma rangi: nyeusi ni mafuta mengi, nyeupe ni machache, ya kahawia ndiyo sawa. Nami siku ile nilimpigia simu mpwa wangu, na kwa mara ya kwanza sikumpa nasaha hata moja. Nilimwuliza, "Mjomba, huko unaishije?" Akanyamaza kitambo kirefu, kisha akaanza kusema, nami nikasikiliza.